Nyama Kavu na Jibini Mezani: Kinachozuia Kuoza

Kando ya barabara za Keko, wilayani Temeke, ambako mafundi seremala huonyesha makabati na vitanda vyao hadharani, mtu akitaka kipande cha mninga chenye upana wa sahani mbili hukipata bila taabu. Kipande hicho kikipigwa randa na msasa chatosha kuwa ubao wa kuandalia nyama kavu, soseji na jibini, vyakula ambavyo huko Ulaya hupangwa pamoja juu ya ubao mmoja na kuliwa kwa mkate bila kupashwa moto. Desturi hiyo imekwisha kuingia katika baadhi ya nyumba za Dar es Salaam. Lakini sebule ya Keko si ya Ulaya. Joto lake hufika nyuzi 30 za Selsiasi, na wageni hula polepole huku wakizungumza. Kabla ya kuulizia utamu, yafaa kuuliza kila kilicho juu ya ubao kimekingwa na nini.

Bakteria mmoja aliye katika nyama mbichi yenye vuguvugu, akipata hali inayompendeza, aweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Baada ya saa 2 watakuwapo 64; baada ya saa 6 watakuwa 262,144. Jokofu lenye nyuzi 4 humchelewesha tu, halimwui. Watu wa kale, ambao hawakuwa na jokofu, walimnyima maji, walimtilia chumvi, au walimzungushia asidi. Ng'onda na papa mkavu wa pwani, nyama kavu ya wafugaji, maziwa mgando na jibini, vyote vimetokana na mbinu hizo tatu.

Mwalimu aweza kuigeuza nyama kavu kuwa hesabu ya darasani. Kilo 1 ya nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta ina maji yapatayo gramu 720. Kilichobaki, gramu 280, ni protini, mafuta kidogo na madini. Nyama hiyo ikikaushwa hata ikapima gramu 400, maji yaliyosalia ni gramu 120, yaani asilimia 30. Maji hayo nayo hayako huru, kwa kuwa yameshikwa na chumvi na protini. Bakteria aliye karibu nayo ni kama baharia aliyezungukwa na maji ya bahari: maji yapo, ila hayanyweki. Kwa njia ya osmosisi, chumvi huyavuta hata yale yaliyomo ndani ya mwili wake. Kuvu ni wavumilivu zaidi, na ndiyo sababu nyama kavu iliyowekwa mahali penye unyevu huota ukungu ingawa haijanuka.

Na unyevu ndio tatizo kubwa la Keko. Upepo mkavu wa Dodoma huikausha nyama upesi. Hewa ya Dar es Salaam, hasa wakati wa masika, imekwisha kushiba mvuke, na nyama iliyotundikwa uani hukawia kukauka hata bakteria wakatangulia. Kwa hiyo njia ya kufaa nyumbani ni kuikata nyama vipande vyembamba, kuichemsha katika maji yenye chumvi, siki na pilipili manga hadi joto la ndani lifike nyuzi 71, kisha kuikausha katika tanuri lenye nyuzi zipatazo 60, mlango ukiwa wazi kidogo ili mvuke utoke. Baada ya hapo isishikwe ovyo. Stafilokokasi, bakteria akaaye puani na mikononi mwa watu, huistahimili chumvi kuliko wenzake wengi, na sumu yake haiondoki hata chakula kikichemshwa tena.

Soseji na paja la nguruwe lililotiwa chumvi ni jambo jingine kabisa. Mwezi wa Desemba 1895, katika kijiji cha Ellezelles huko Ubelgiji, wanamuziki waliopiga muziki mazishini walikula paja la namna hiyo, nao wakaanza kuona vitu viwili viwili na kushindwa kumeza, watatu walikufa. Émile van Ermengem aliichunguza nyama ile akampata bakteria asiyehitaji oksijeni, yule ambaye sasa huitwa Clostridium botulinum. Jina hilo latokana na neno la Kilatini lenye maana ya soseji, kwa kuwa daktari Mjerumani Justinus Kerner alikuwa amekwisha kuieleza sumu ya soseji tangu miaka ya 1820. Viwanda humzuia kwa nitriti, kemikali ambayo pia huipa nyama rangi yake ya waridi. Nitriti hupimwa kwa uangalifu mkubwa, maana ikizidi ni sumu, na haifai kukisiwa kwa kijiko jikoni. Soseji ya kuliwa bila kupikwa, basi, inunuliwe kwa mtengenezaji anayekaguliwa, nayo iliwe kwa kiasi: mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliitaja nyama iliyosindikwa kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani.

Jibini humpa mpishi nafasi kubwa zaidi. Jibini ngumu, kama zile za mviringo zitengenezwazo katika milima ya Masisi, karibu na Goma, huhitaji kimeng'enya cha kugandisha, chumvi, na muda wa kukomaa. Lita 10 za maziwa hutoa takriban kilo 1 tu. Jibini laini, hata hivyo, yaweza kutengenezwa Keko asubuhi na kuliwa jioni. Lita 1 ya maziwa huchemshwa, moto ukazimwa, kisha maji ya ndimu 2 au 3 yakatiwa kidogo kidogo huku yakikorogwa taratibu. Chembe za kasini, protini iliyo nyingi kuliko zote katika maziwa, huelea kwa kuwa zina chaji hasi zinazosukumana. Asidi huondoa chaji hizo, nazo zikashikamana. Mabonge huchujwa kwa kitambaa safi, hutiwa chumvi na kukandamizwa. Kuchemsha kusirukwe hata kama maziwa yametoka kwa jirani mwaminifu, maana ng'ombe mwenye sura ya afya aweza kuwa na brusela au kifua kikuu.

Jibini hiyo laini, ambayo ina maji mengi, ndiyo dhaifu kuliko vyote ubaoni. Itolewe mwisho, na ikipita saa 2 mezani itupwe, jambo ambalo wenye nyumba wengi huliona gumu. Jibini ngumu na nyama kavu zaweza kusubiri zaidi. Achari ya embe, yenye asidi na chumvi pamoja, haina haraka. Iwapo nyama ya nguruwe ipo, iwekwe juu ya ubao wake na kisu chake, kwa heshima ya wageni wasioila.

Ubao wenyewe usiwe na vanishi wala dawa ya kuulia wadudu wa mbao. Seremala aambiwe mapema. Katika miaka ya 1990 Dean Cliver na wenzake, huko Marekani, waligundua kwamba bakteria wanaofyonzwa na ubao mkavu hufa humo polepole, ilhali plastiki iliyochanjwa na visu huwahifadhi. Ugunduzi huo hauondoi haja ya kuusugua ubao kwa sabuni na maji ya moto, kisha kuusimamisha mahali penye upepo hadi ukauke pande zote mbili.