Hewa Ndani ya Moyo

Mzazi wa mtaa wa Nyakato, Musoma, ambaye mtoto wake amepewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete jijini Dar es Salaam, huondoka nyumbani na maneno mawili ya majirani: kipovu chochote kwenye dripu kinaua, na mtoto akishikwa na degedege baada ya upasuaji, huyo ana jini. La kwanza si kweli kwa kila mtoto; la pili si kweli kabisa, nalo huwachelewesha watoto kupata tiba.

Tuanze na dripu. Damu inayorudi kutoka mwilini hupitia kwanza kwenye mapafu, na vipovu vidogo hunaswa humo vikayeyuka. Lakini mtoto mwenye tundu moyoni, hasa yule ambaye midomo yake hugeuka bluu akilia, sehemu ya damu yake hukatiza tunduni bila kufika mapafuni. Kipovu nacho hupita humo humo hadi ubongoni. Kwake yeye, hofu hiyo ni ya kweli.

Chumba cha upasuaji kina hatari kubwa zaidi. Moyo ukifunguliwa, hewa huingia. Kabla haujarudishiwa kazi yake, madaktari hufanya kama fundi wa dizeli: wanatoa hewa. Wanaujaza moyo damu, wanapuliza mapafu ili hewa iliyojificha kwenye mishipa yake isukumwe nje, wanainamisha kitanda upande wa kichwa, na wanaacha kijitundu sehemu ya juu ya aota, mshipa mkuu utoao damu moyoni, ili hewa itokee hapo.

Hapa lazima niutaje mshipa wa kulia unaolisha msuli wa moyo. Mtoto akilala chali, mlango wa mshipa huo hutazama juu, na hewa hukimbilia juu. Mishono yote iko sawa, lakini ghafla upande wa kulia wa moyo unavimba na kulegea, na mchoro wa umeme wake unabadilika. Mara nyingi tiba ni kupandisha presha ili damu ikisukume kipovu kipite, huku mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu wakati wa upasuaji ikiusaidia moyo hadi upate nguvu.

Kipovu kikifika ubongoni, degedege huweza kufuata. Huweza pia kuletwa na sukari kushuka au damu kuganda. Yote hayo yanataka oksijeni, vipimo na daktari, mara moja. Hirizi haiyeyushi hewa.

Kwa hiyo mzazi, hata ukiwa zahanati kwa malaria tu, mwambie muuguzi kabla hajafunga dripu: mwanangu ana tundu kwenye moyo, tafadhali hakikisha mrija hauna hewa.