Je, Wajua? Ngazi ya Mawe Juu ya Cape Town

Je, wajua kwamba unaweza kupanda Table Mountain kwa miguu, bila kamba wala kigari cha waya kilichoanza kazi mwaka 1929? Njia ni korongo la Platteklip, mpasuko unaoonekana wazi ukiwa mjini. Ni mwendo wa kilomita tatu hivi tu, lakini unapanda karibu mita 700. Kwa hiyo usihesabu kilomita, hesabu magoti.

Njia imepangwa mawe kama ngazi, na inapindapinda hadi juu, ambako kuta mbili za mwamba zinakaribiana na upepo baridi unakupiga usoni ghafla. Mreno António de Saldanha alipanda mlima huu mwaka 1503, na inaaminika alipitia hapahapa.

Kijito cha korongo hili kina historia chungu. Wanawake watumwa walibebeshwa nguo za mabwana zao kutoka mjini, wakazifulia kwenye mawe yake. Baadhi ya watumwa wa Cape walitoka Msumbiji na Madagaska. Mimi naona si vizuri mtu kupita hapo bila kuwakumbuka.

Tahadhari moja: korongo linatazama kaskazini, na huko kusini mwa dunia jua hupita upande huo. Kiangazi mawe huwaka. Anza alfajiri, beba maji ya kutosha.

Ukifika juu utamkuta pimbi akiota jua. Ni mdogo kama sungura, ila jamaa yake wa karibu ni tembo!