Majivu ya Lengai na Kazi Yake Nyikani

Kusini kidogo ya Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, umesimama mlima uliochongoka ambao miteremko yake ya juu ina weupe wa kumdanganya mgeni. Urefu wake haufiki hata mita 3,000, kwa hiyo hakuna theluji pale. Weupe ule ni wa magadi. Huu ndio Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai, na ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa zaha iliyojaa chumvi za kaboneti za sodiamu na potasiamu.

Zaha hiyo ina tabia zake. Volkano nyingi hutapika mawe yaliyoyeyuka kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 za Selsiasi, lakini ya Lengai hutoka ikiwa na nyuzi 500 hadi 600 tu. Mchana huonekana nyeusi na hutiririka kwa wepesi wa maji ya tope. Ikishapoa na kukutana na unyevunyevu wa hewa, huanza kupauka, na baada ya siku chache mwamba uliokuwa mweusi huwa mweupe na kumomonyoka ukiguswa.

Mlima huo haukuota hapo kwa bahati. Uko chini ya kingo za Bonde la Ufa, mahali ambapo ganda la dunia linapasuka na upande wa mashariki wa Afrika unajitenga na bara kwa milimita chache kila mwaka. Ganda linaponyumbuka hivyo huwa jembamba, nyufa hufunguka, na moto wa chini hupata njia. Mwezi Julai 2007 matetemeko yalilitikisa eneo hilo hata yakasikika Nairobi. Miezi michache haikupita, Lengai ikalipuka na kurusha majivu angani, na milipuko ikaendelea hadi mwaka 2008.

Watu wengi huihesabu volkano kwa kile inachoharibu. Ukiyafuata majivu ya Lengai na ya ndugu zake waliozimika, utaona ni kiasi gani cha nchi hii kimejengwa nayo.

Upepo wa huko huvuma zaidi kutoka mashariki, nao ndio mchukuzi wa kwanza. Karibu na Bonde la Olduvai kuna tuta la mchanga mweusi lenye umbo la mwezi mwandamo, urefu wa takribani mita 100 na kimo cha mita tisa hivi. Tuta hilo linatembea. Upepo huzipandisha punje kwenye mteremko wa mashariki uliolala, zikifika juu huporomoka upande wa magharibi ulio wima, na kwa mtindo huo tuta zima husogea wastani wa mita 17 kwa mwaka. Njiani zimesimikwa alama zenye miaka, kuonyesha lilikuwa wapi. Waongoza watalii hupenda kuchota konzi ya mchanga huo na kuurusha juu: hautawanyiki sana, kwa kuwa punje zake zina madini ya chuma yenye usumaku na zinavutana. Ndiyo maana tuta halisambaratiki ovyo.

Majivu mengine yalitua mbali zaidi, kwenye mbuga za kusini mwa Serengeti. Huko kazi ikashikwa na mvua. Maji huyeyusha chokaa iliyomo kwenye majivu na kuishusha chini. Jua likiwaka, maji huvukia na chokaa hubaki, ikajenga tabaka gumu karibu na uso wa ardhi. Mizizi ya miti hushindwa kulipenya, nyasi fupi zikaimiliki mbuga. Nyasi hizo zina kalsiamu na fosforasi kwa wingi, vitu anavyovihitaji mnyama anayenyonyesha, na ndiko nyumbu wanakokwenda kuzalia kila mwaka mnamo Februari. Anayeshangaa kwa nini mbuga ile haina miti, jibu liko chini ya miguu yake.

Pale Olduvai ndipo hesabu yote inapofunguliwa. Zamani palikuwa na ziwa la magadi lenye kina kifupi. Volkano za nyanda za juu za Ngorongoro zilimwaga majivu yake humo, mafuriko yakaleta udongo, tabaka likalala juu ya tabaka kwa karibu miaka milioni mbili. Kisha ardhi ya mashariki, kwenye bonde la Olbalbal, ikadidimia kwa kukatika kwa miamba. Mto uliokuwa ukielekea huko ukapata mteremko mkali na kuanza kuchimba, hadi ukaacha korongo lenye kina cha mita 90 hivi na urefu wa kilomita 48.

Ukisimama ukingoni utaziona tabaka hizo kwa rangi zake: mwamba mweusi wa zaha chini kabisa, kijivu juu yake, halafu mkanda mwekundu uliopakwa na kutu ya chuma. Kwenye tabaka za chini, mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus, jamaa wa kale wa binadamu, mwezi Julai 1959. Umri wake, miaka milioni 1.75 hivi, ulijulikana kwa kupima madini ya majivu yaleyale. Laetoli nako, kusini ya hapo, majivu yaliyolowa mvua yalihifadhi nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita. Bila volkano tusingekuwa na mifupa ile wala njia ya kuipa umri. Na mto usingechimba, vyote vingebaki vimezikwa.

Kazi hiyo haijaisha. Kila masika maji hukwangua kuta za Olduvai na kufichua mifupa mipya, na hayohayo huiharibu isipookotwa mapema. Nyayo za Laetoli zilibidi zifukiwe tena ili zisalimike. Anayekwenda Ngorongoro akatazama simba na faru tu amerudi na nusu ya safari. Mwombe mwongozaji akusimamishe Olduvai, ushuke garini, uzihesabu tabaka zile kwa macho yako mwenyewe.