Kombe la Bega na Gunia la Kilo 60

Mbeba magunia akisema bega linamuuma, mara nyingi msimamizi humjibu kuwa ni uvivu. Sisi wa chama tumeyasikia maneno hayo ghalani na mashambani. Basi, ndugu wafanyakazi, tuutazame mfupa wenyewe.

Peleka mkono wa kulia nyuma ya bega la kushoto. Mfupa bapa unaougusa ndio kombe la bega. Una pembe tatu, nao umelala juu ya mbavu, kuanzia ubavu wa pili hadi wa saba. Wengi hudhani umefungwa kwenye uti wa mgongo. Sivyo. Kati ya kombe na kiwiliwili mfupa unaounganisha ni mmoja tu, mtulinga, unaotoka begani hadi kwenye kidari. Kwingine kote ni nyama. Misuli 17 imejishikiza kwenye kombe, mingine ikitoka shingoni, mingine mgongoni, mbavuni na mkononi. Kwa hiyo ukijitwika gunia, misuli ndiyo inayolipa.

Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, na mahali kinapokaa kwenye kombe hapana kina, ni kama chungwa juu ya kisahani. Misuli minne midogo ndiyo inayolishika chungwa lisianguke. Kano ya mmoja wao hupita chini ya ncha ya kombe, mahali pembamba sana. Anayepanga magunia juu ya kichwa chake kutwa nzima huibana kano hiyo kila anapoinua mikono. Huvimba, na mwishowe yaweza kuchanika.

Tena kuna mshipa wa fahamu unaoshuka kutoka shingoni hadi kwenye msuli unaolibana kombe lisiachane na mbavu. Mzigo unaokandamiza bega, au mkanda wa kapu la chai, waweza kuuumiza. Mwambie mwenzako asukume ukuta kwa mikono miwili. Kombe likichomoza mgongoni kama bawa la kuku, aende hospitali. (Mafuta ya kuchua sote tunayapenda, lakini mshipa huo hayauponyi.)

Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 127 juu ya uzito wa mizigo. Pendekezo Na. 128 la mwaka huo huo lasema kwamba pale mwanamume mzima anaporuhusiwa kubeba zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe upesi kupunguza uzito huo. Na mizigo ya wanawake iwe pungufu sana kuliko hiyo. Gunia la kahawa inayouzwa nje huwa kilo 60. Hapo msimamizi atuambie mvivu ni nani.

Mwenye maumivu aandike tarehe yalipoanza, uzito wa gunia, na idadi ya magunia anayobeba kwa zamu. Nakala moja ampe katibu wa tawi kabla hajaonana na daktari wa kampuni. Na kamati ya tawi idai mikokoteni, au watu wawili kwa gunia moja.