Je, Wajua? Tairi Pana kwenye Ringi ya Kiwandani

Mwenye gari la spoti akitaka gari lake lishike barabara zaidi, wazo la kwanza huwa ni tairi pana. Ringi za kiwandani bado nzima, na seti mpya ni ghali, kwa hiyo anaona abadilishe tairi peke yake. Jambo hilo linawezekana, ila mwenye kauli ya mwisho ni ringi. Hapa tunaliangalia zaidi kupitia gari moja linalopendwa na vijana wa spoti, Toyota 86, ambalo ringi zake za kawaida zina kipenyo cha inchi 17 na upana wa inchi 7.

Je, wajua kwamba Toyota 86 ilipewa tairi nyembamba kwa makusudi?

Gari hili, pacha wa Subaru BRZ, lilianza kuuzwa mwaka 2012. Lenye ringi za inchi 17 lilivaa tairi za Michelin Primacy HP za saizi 215/45R17, zilezile zilizokuwa zikifungwa kwenye Toyota Prius ya ringi za inchi 17. Prius ni gari la kubana mafuta, wala halina habari na mashindano. Mhandisi mkuu wa Toyota 86, Tetsuya Tada, alitaka dereva aonje pale tairi linapoanza kuserereka akiwa katika mwendo ambao bado anaumudu. Kwa hiyo anayeweka tairi pana asidhani anarekebisha kosa la kiwanda. Anaongeza mshiko, na wakati huohuo anapunguza ule wepesi wa kucheza ambao gari liliundwa nao.

Je, wajua kwamba tairi lililoandikwa 225 linaweza lisifikie milimita 225?

Upana unaoandikwa ubavuni hupimwa tairi likiwa limefungwa kwenye ringi maalumu ya vipimo. Kwa 225/45R17, ringi hiyo ni ya inchi 7.5. Kila nusu inchi ya ringi inayopungua huondoa takriban milimita 5 za upana wa tairi. Likifungwa kwenye ringi ya inchi 7 ya Toyota 86, tairi hilo hubaki na karibu milimita 220. Aliyelipia nyongeza ya milimita 10 anaondoka dukani na pungufu ya hizo.

Je, wajua kwamba kila saizi ina ringi zake halali?

Watengenezaji wa tairi huchapisha majedwali ya upana wa ringi unaokubalika. Tairi la 225/45R17 linakubali ringi za kuanzia inchi 7 hadi 8.5, kwa hiyo kwenye ringi ya kiwandani ya 86 linaingia, lakini limesimama kwenye kikomo cha chini. La 235/45R17 linaanzia inchi 7.5, maana yake limeshatoka nje ya mpaka.

Ukiangalia kwa mbele tairi lililozidi ringi yake, utaona mbavu zimefura na kupita kingo za ringi. Gari likikata kona kwa kasi, mbavu hizo hulala, na sehemu inayogusa lami husogea pembeni kabla ringi haijaifuata. Dereva anageuza usukani, na gari linachelewa kuitikia. Hii ndiyo sababu tairi la saizi ileile, likifungwa kwenye ringi pana kidogo iliyo ndani ya jedwali, linaweza kuleta uhai kwenye usukani kuliko tairi pana lililobanwa kwenye ringi nyembamba.

Je, wajua kwamba ukiongeza upana, tairi linakuwa refu pia?

Ile 45 katika 215/45R17 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 45 ya upana. Kwenye 215 ubavu ni milimita 96.75, kwenye 225 ni milimita 101.25. Kipenyo cha tairi zima hupanda kutoka milimita 625 hadi 634, ongezeko la takriban asilimia 1.4. Kama spidomita ilikuwa sahihi kabisa, ikisoma 100 gari litakuwa linakwenda zaidi ya kilomita 101 kwa saa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inataka spidomita isionyeshe kamwe mwendo ulio chini ya ule halisi, na ndiyo maana viwanda huiacha isome juu kidogo. Ukiongeza kipenyo, unaila akiba hiyo.

Je, wajua kwamba tairi pana haligusi lami kwa eneo kubwa zaidi sana?

Eneo la mguso hutegemea hasa uzito wa gari na upepo uliomo ndani ya tairi. Chukua gari la kilo 1,240 lenye upepo wa psi 35 kila tairi: kwa hesabu nyepesi, miguso yote minne ikiwekwa pamoja inaenea kwenye karatasi moja ya A4 na nafasi ikabaki. Tairi pana likijazwa upepo uleule hubadilisha zaidi umbo la mguso, ukawa mfupi kwa urefu na mpana kwa ubavu. Umbo hilo husaidia kwenye kona kavu. Kwenye barabara yenye maji lina gharama, kwa kuwa maji yana safari ndefu kutoka katikati hadi pembeni. Mwaka 1963, Walter Horne na Robert Dreher wa NASA walionyesha kwamba upepo ukipungua, tairi huanza kuelea juu ya maji katika mwendo mdogo zaidi. Tairi pana lenye upepo hafifu ni hatari wakati wa mvua.

Je, wajua kwamba Porsche walipotaka tairi pana walipanua na ringi?

Porsche 911 za kwanza kabisa zilitembelea ringi za upana wa inchi 4.5 na tairi za milimita 165. Ilipokuja Carrera RS 2.7 ya mwaka 1973, tairi za mbele zilikuwa 185 kwenye ringi za inchi 6, na za nyuma 215 kwenye ringi za inchi 7. Hata bodi ilipanuliwa juu ya magurudumu ya nyuma ili tairi zipate nafasi. Tairi, ringi na bodi vilipangwa pamoja kama kitu kimoja.

Basi, kabla hujalipia

Soma upana uliochapwa kwenye ringi yenyewe, kwa mfano 17x7J, mara nyingi nyuma ya spoku. Ulinganishe na jedwali la mtengenezaji wa tairi. Hakikisha namba ya uzito na herufi ya kasi haziko chini ya zile za tairi la awali. Tairi likishafungwa, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, gari likiwa na abiria, uone kama linagusa shokapu au madigadi. Saizi ikikataliwa na jedwali, nunua tairi bora zaidi la saizi ya kiwandani. Mpira mzuri kwenye ringi inayoufaa utakupa mshiko salama kuliko milimita 10 zilizolazimishwa.