Programu Ikigoma, Usianze kwa Kuifuta

Simu ambayo WhatsApp yake haifunguki huandikiwa dawa moja karibu kila mahali, kuanzia kwa kijana wa nyumbani hadi kwa fundi wa mjini: futa, kisha pakua upya. Dawa hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza inatibu nini hasa. Msimamo wangu ni tofauti. Kufuta programu ndiyo hatua ghali kuliko zote, haikuambii tatizo lilikuwa wapi, na kwa mtu aliyeko Bungu, juu kwenye milima ya Usambara wilayani Korogwe, inaweza kumwacha pabaya kuliko alipoanzia. Hebu tuhesabu gharama. Kupakua upya kunakula bando, na bando la kijijini hununuliwa kidogo kidogo. Mazungumzo ambayo hayakuwekewa nakala yanaweza kwenda na programu yenyewe. WhatsApp ikirudi itadai namba ya uthibitisho, na kama laini iliyofungulia akaunti haimo tena mkononi mwako, umekwama. Kwa simu kuukuu hatari ni kubwa zaidi: programu iliyokwisha kuingia inaweza kuendelea kufanya kazi muda mrefu baada ya duka kuacha kuitoa kwa simu za umri huo. Ukiifuta kwa hasira jioni moja, umejifungia nje mwenyewe.

Gharama hizo zingevumilika kama ugonjwa ungekuwa kweli ndani ya programu. Mara nyingi haumo. Programu inayoonekana kwenye kioo hutegemea vitu vingi vilivyo nje yake: mfumo wa simu, nafasi ya kuandikia, saa, mnara, nyaya za baharini, na kompyuta zilizo maelfu ya kilomita kutoka hapa. Kumbukumbu za miaka ya karibuni ziko wazi. Machi 22 na 23, 2021, programu nyingi za simu za Android duniani, Gmail ikiwamo, zilikuwa zikifunguka na kujifunga papo hapo. Kosa lilikuwa kwenye Android System WebView, kipande cha mfumo kinachoonyesha kurasa za wavuti ndani ya programu nyingine, na dawa ilikuwa kusasisha kipande hicho pamoja na Chrome. Aliyeifuta Gmail yake na kuirudisha hakupata nafuu yoyote. Jumatatu ya Oktoba 4, 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kuanzia jioni, kwa saa zetu, hadi baada ya usiku wa manane, kwa sababu ya kosa la mafundi wa kampuni yenyewe kwenye mitambo inayounganisha vituo vyake. Aliyeifuta WhatsApp usiku ule alijiongezea adha, maana kujisajili upya kunahitaji mitambo ileile iliyokuwa imelala. Tena Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulifunga milango kwa umma kwa siku 2 kwa sababu ya hali ya mtandao. Na Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Katika matukio yote hayo kuifuta programu kusingesaidia.

Swali la kwanza basi ni tatizo liko upande gani, na hili linaweza kujibiwa bila senti. Tazama pembeni mwa alama za mnara juu ya kioo. Kuna herufi ndogo pale ambayo wengi hawaisomi: 4G, H au H+, 3G, au E. E ni mtandao wa kizazi cha pili, uliotengenezwa enzi za simu za vitufe. Ujumbe wa maandishi unaweza kujikokota ukafika, lakini programu ya benki au ya video itazunguka hadi ichoke, kisha itakwambia haiwezi kuunganika, au itajifunga bila kuaga. Milimani herufi hiyo hubadilika kwa hatua chache tu, kwa sababu mawimbi ya mnara hayapiti ndani ya mgongo wa mlima. Mtu aliye bondeni anaweza kuwa na mistari minne ya mnara, akaamini mtandao umejaa, kumbe ni mistari minne ya E. Mistari hueleza nguvu ya mnara. Herufi hueleza mnara unatoa huduma ya aina gani. Serikali inaifahamu kasoro hii: mikataba ambayo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulisaini na kampuni za simu Mei 13, 2023 ilihusu ujenzi wa minara 758 vijijini. Mpaka mnara mzuri ukufikie, kupanda hatua kadhaa hadi mahali palipo wazi kuna faida kuliko kufuta programu mara kumi.

Kipimo cha pili ni menyu ya namba. Programu ya M-Pesa ikigoma, piga *150*00#. Menyu hiyo haitumii intaneti. Inapita kwenye njia ya mawasiliano inayotumiwa na mtandao wa simu wenyewe, ndiyo maana hata simu ya kitochi huipata. Ikifunguka na salio likaonekana, umejua mambo matatu kwa mpigo: laini ni nzima, akaunti ni nzima, na kampuni haijalala. Tatizo limebaki kwenye intaneti yako au kwenye programu, na shida yako ya haraka, yaani kutuma hela, imeshapata njia. Isipofunguka, acha simu yako na usubiri. Kisha muulize jirani mwenye mtandao huohuo kama yake inafunguka, kipimo ambacho sijui kwa nini watu wanakionea haya.

Upande ukionekana kuwa ni wa simu, bado zipo sababu mbili za kuangalia kabla ya kugusa programu. Moja ni saa. Simu iliyozimika kwa chaji kuisha kabisa, hasa kuukuu, inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Programu hukagua vyeti vya usalama vya mtambo inaozungumza nao, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu inayodhani tuko Januari 2015 itaona cheti halali kama kitu ambacho bado hakijazaliwa, na itakataa. Washa mpangilio wa tarehe ya mtandao, na kazi imekwisha. Nyingine ni nafasi. Programu huandika kumbukumbu kila inapofunguka, na kwenye simu ya GB 8 au 16, picha za salamu za asubuhi na video za makundi ya harusi hujaza kila kona. Ikikosa pa kuandika, inajifunga.

Hapa nasikia pingamizi, na lina uzito: mbona kufuta na kupakua upya kunasaidia mara nyingi? Kunasaidia kweli, lakini tuangalie kilichofanya kazi. Kufuta kumeongeza nafasi, kumeondoa mafaili ya muda yaliyoharibika, na kumepitisha dakika 20 ambazo mtandao umepata kutulia. Yote hayo yanapatikana kwa bei ndogo: futa video, zima simu na uiwashe, ingia kwenye mipangilio ya programu ufute akiba yake ya muda. Angalizo moja: kitufe cha kufuta akiba hakigusi mazungumzo, ila cha kufuta data, ambacho hukaa jirani yake, kinafagia kila kitu. Tatizo likibaki baada ya hapo, na nakala ya mazungumzo ikiwa imehifadhiwa, futa programu kwa amani.

Wengine watasema ni heri kumwachia fundi, au kununua simu nyingine. Fundi ana nafasi yake, ila akipendekeza kuiflashi simu, yaani kuiwekea mfumo upya, muulize atatumia mfumo upi, kwa kuwa programu za benki hukagua kama mfumo umechezewa, na zikishuku hugoma kufunguka. Simu mpya nayo ni jibu sahihi pale mfumo wenyewe umepitwa: tangu Oktoba 24, 2023, WhatsApp inadai Android 5.0 au zaidi, na mwenye Android 4.4 hana hila itakayomwokoa. Akienda kununua, aangalie toleo la Android ndani ya mipangilio badala ya kuamini maandishi ya boksi, apige *#06# aone namba ya IMEI, kisha aitume kwenda 15090 kuhakiki kama simu ni halisi, kabla ya kutoa pesa. Simu bandia zilizozimwa na mamlaka ya mawasiliano, TCRA, Juni 2016 zilikuwa zikiwaka vizuri tu siku zilipouzwa.