Kumbukumbu za Vita katika Nchi ya Wahehe

Vita vya Wahehe na Wajerumani vimeacha kumbukumbu Lugalo, Kalenga na Mlambalasi, na ya kwanza kujengwa si ya Wahehe.

Iko Lugalo, mashariki ya Iringa mjini. Hapo, tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la Mkwawa, Mtwa (yaani mtawala) wa Wahehe, liliuvizia msafara wa kijeshi wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski. Zelewski aliuawa, pamoja na Wajerumani wenzake na askari wa Kiafrika zaidi ya 200. Wajerumani walipokwisha kuiteka nchi wakamjengea mnara. Vijana wa Kihehe waliokufa siku ile wakiilinda nchi yao hawakujengewa kitu.

Kalenga, makao ya Mtwa yaliyozungushiwa ukuta wa mawe, ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894 baada ya kupigwa mizinga. Mkwawa akaingia porini, akapigana karibu miaka 4. Tarehe 19 Julai 1898, maadui wakiwa wamemkaribia huko Mlambalasi, alijipiga risasi asikamatwe hai. Walimkata kichwa, kikapelekwa Ujerumani.

Uzito wa kitendo hicho unaonekana vizuri kwa anayejua tambiko la Wahehe. Masoka, yaani mizimu ya ukoo, huhesabiwa kuwa pamoja na walio hai. Mvua ikigoma au maradhi yakiandama nyumba, watu huenda makaburini, mzee akamimina pombe, akaweka unga na kuwataja wahenga mmoja mmoja. Mtwa ndiye aliyeitambikia nchi nzima kwenye makaburi ya watangulizi wake. Sasa yeye mwenyewe alilala bila kichwa, na nchi ikabaki na deni kwa mzimu wake.

Deni hilo lilifika hadi Versailles. Kifungu cha 246 cha mkataba wa amani uliotiwa saini huko mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kiliitaka Ujerumani ikirudishe kichwa hicho katika miezi 6. Ilichukua miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikitafuta katika makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akakikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mtwa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Fuvu limo katika jumba dogo la makumbusho kijijini hapo. Kaburi la kiwiliwili liko Mlambalasi.

Mtwa amekumbukwa, na anastahili. Lakini hakupigana peke yake. Naona ni aibu kwamba pale Lugalo mvamizi ana mnara na wenye nchi hawana. Kila ukoo unaotambika kwa jina la babu aliyeanguka Lugalo au Kalenga uliandikishe jina hilo makumbusho ya Kalenga, na Serikali iyachonge majina hayo kwenye jiwe, palepale Lugalo.